Chembe Zisizotaka Kutuama

Kwanza nilidhani ni nzi.

Nilikuwa nimeketi ukumbini, mgongo ukutani, kofia pajani, natunga uzi kwenye sindano, mara kikapita kitu cheusi upande wa kulia. Nikakipunga. Hakikwenda. Nikapunga tena, na Athmani mume wangu, aliyekuwa akinywa chai yake kabla ya kurudi kazini kwenye chumvi kule Gongoni, akaniuliza nampungia nani. Nikamwambia nzi huyu. Akatazama huku na huku, akasema hakuna nzi.

Ilipofika alasiri walikuwa kundi. Nikitazama ukuta mweupe wanazidi, nikitazama mlango wanapungua. Nikigeuka wananifuata, kisha wananipita. Nikafumba jicho la kulia, wakatoweka wote. Nikalifumbua, wakarudi. Hapo ndipo nilipoiweka kofia chini, maana nzi gani huyu anayekaa ndani ya jicho moja.

Naandika haya nikiwa naona, alhamdulillahi, kwa ajili yako wewe ambaye leo umempunga nzi asiyekuwapo. Sitakufundisha udaktari, siujui. Nitakwambia nilivyoogopa, kwa sababu niliogopa peke yangu, na ningependa wewe uwe na mwenzio.

Mimi ni mshonaji wa kofia. Si za cherehani. Nashona za mkono, zile za viua, ambazo kila kitundu kidogo hutobolewa kwa sindano kikazungushiwa uzi, mpaka kofia nzima ijae vitundu. Kofia moja hula miezi. Kazi hii niliipata kwa mama, na mama aliipata kwao Siyu kabla wazee wetu hawajahamia Malindi. Sukari nayo ninayo miaka mingi, na niliichukulia kama jirani mwenye kelele: unajua yupo, lakini humwendei kumjulia hali. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu zamani, nikasema si neno, la kulia lipo. Hilo la kulia ndilo lililokuwa likinilisha.

Asubuhi ya pili nilifungua macho nikaona kitu kinashuka. Ukimwagia majani ya chai maji ya moto, ile rangi inavyojitoa na kujisokota, ndivyo kilivyoshuka ndani ya jicho langu. Hakikuuma. Afadhali kingeuma, maana kinachouma unajua kiko wapi. Ukumbi wote ukawa nyuma ya utando, na ndani ya utando chembe ndogo ndogo zilikuwa zikielea, zikipanda, zikishuka, zikigeuka bila njia. Nilikaa kitandani nikizitazama, nikitafuta mpango wake. Niliona kama zikikusanyika ndiyo zinapanga jambo, na zikitawanyika ndiyo zimeshaliafiki. Nilikuwa na yakini kwamba ziko hai.

Dada yangu Rukia akaja kutoka Mambrui. Rukia ni mkubwa wangu, na akiingia nyumbani kwako huwezi kujua tena nyumba ni ya nani. Alinishika kidevu, akalitazama jicho, akasema halina kitu.

"Nani alikusifia?" akauliza.

"Dada, naumwa, wewe waniuliza sifa."

"Nakuuliza nani alikusifia hayo macho."

Nikakumbuka. Wiki ile ile wifi yangu Zuhura, dada yake Athmani, alipita mlangoni akanikuta natunga uzi. Akasema, "Wifi, macho yako bado makali. Mimi mwenzio hata sindano yenyewe siioni." Akacheka, akaenda zake sokoni. Hakusema mashallah. Wala mimi sikuisikia ile nafasi tupu mpaka Rukia aliponiuliza.

"Basi," Rukia akasema, na akavua buibui kama mtu aliyefika kazini.

Usinicheke. Mtu mwenye hofu anataka jina. Ukimwambia ni kitu kisichokuwa na mwenyewe, humsaidii. Ukimwambia ni Zuhura, anapata pa kupeleka hofu yake. Nililetewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa marashi na maji. Nililiinamia bakuli kwa jicho la kushoto, nikaona vijichembe vya zafarani vinazunguka polepole humo ndani, vile vile kama vyangu. Nikafumba macho nikanywa. Na Zuhura akaambiwa asije nyumbani kwa muda. Athmani ndiye aliyetumwa kumwambia dada yake, na aliporudi alikaa kibarazani mpaka chakula kikapoa.

Kombe lilinituliza moyo. Jicho halikutulia. Mtoto wa marehemu kaka yangu, Saida, anayefundisha fizikia kwenye shule ya sekondari upande wa Matsangoni, aliposikia alikodi gari, akasema, "Shangazi, dua tutaendelea nayo njiani." Akanipeleka kliniki ya macho Kilifi.

Nikwambie juu ya benchi la kliniki ya macho, maana utalikalia. Wanakutia matone, wanakwambia subiri. Matone yale yanafungua mboni ya jicho wazi kama mlango usio na komeo, na mwanga wote unaingia bila hodi. Basi mmekaa safu nzima, wazee kwa vijana, macho mmeyakodoa, machozi yanawatoka na hakuna anayelia. Kando yangu alikaa bibi mmoja Mgiriama kutoka bara ya Ganze, aliyeniambia nimwite Hawe, kama wajukuu zake wamwitavyo.

"Wewe waona noni?" akaniuliza kwa lafudhi yake.

"Naona nzi, Hawe. Na moshi."

"Mimi naona nyuki. Nao ni wengi. Kama wangetoa asali ningekuwa tajiri."

Mzee wa upande wa pili akasema yeye anaona mvua, mvua isiyolowesha. Tukacheka watatu, macho yakitutoka maji. Sikumbuki kama niliwahi kucheka huku nikiogopa kiasi kile. Hawe alinishika mkono akaushikilia mpaka jina langu likaitwa.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Alinimulika mpaka nikaona mishipa ya jicho langu mwenyewe kama miti iliyopukutika majani. Akasema mshipa umevuja ndani na damu imetawanyika kwenye maji ya jicho. Dawa yake ni kuupiga mwanga maalumu, leza, uzibike. "Lakini sasa hivi sioni ninapopiga, mama. Chembe zinaelea kila mahali. Tusubiri zishuke chini."

"Zisiposhuka?"

"Zikiwa bado hazijashuka baada ya Idd, tutakupeleka Mombasa ukafanyiwe upasuaji. Na tukichelewa sana mshipa unaweza kuvuja tena."

Akanipa masharti. Nisiiname. Nisinyanyue kizito. Nisijikaze chooni. Nilale kichwa kikiwa juu ya mito mingi. Nitulie, damu nayo itulie. Nilimsikiliza kama mtoto wa chuoni anayesikiliza mwalimu mwenye bakora, na nikayatia moyoni yote.

Ilikuwa kaskazi ile ya mwisho, joto lililokazana, na Ramadhani inakaribia. Nilitii. Sikufagia, sikuchota maji, sikuokota hata punje ya mchele iliyoanguka. Nililala nimeketi, shingo ikanikakamaa. Sukari nikaiwinda kama mwizi, nikajidunga sindano yangu kwa saa yake, nikaacha tende, nikaacha mahamri, nikapungua mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Miguu yangu ilijaa alama za samawati kwa kugonga meza na ndoo. Nikaanza kutembea nimepinda kichwa, maana nikipinda hivi utando unasogea kidogo napata ufa wa kuchungulia. Watoto wa mtaani wakadhani nina kiburi.

Athmani alikuwa akirudi kila Alhamisi jioni kutoka Gongoni, miguu imepasuka kwa chumvi. Kabla hata ya salamu husimama mlangoni akanyoosha mkono. "Vidole vingapi?" Wiki ya kwanza nilijibu. Wiki ya pili nilikisia. Wiki ya tatu nikamwambia, "Vidole vyako ni vile vile ulivyozaliwa navyo, Athmani, na ukinionyesha tena nitakiuma kimoja." Hakuniuliza tena. Lakini nilijua kuwa bado anasimama pale mlangoni akinipima, na mimi nikawa najibu kwa ukali mambo ambayo hakuniuliza. Alipika wali ukaungua, nikamsuta. Alipika usioungua, nikasema hauna chumvi, yeye afanyaye kazi ya chumvi. Akaula peke yake.

Jioni hizo hizo akija alikuwa na bakuli lililofunikwa kawa. Uji, au mbaazi, au samaki wa kupaka. Nilijua mkono wa nani. Rukia akiwapo bakuli halikuingia ndani.

Na chembe hazikushuka.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kila asubuhi niliamka utando umejisogeza, mwepesi kidogo, nikaona kivuli cha dirisha, mara nyingine hata nondo zake. Nikasema leo. Nikashukuru, nikasali alfajiri, na nikimaliza, giza. Nikangoja. Ikikaribia adhuhuri naona tena meza, naona tena birika. Nikasali, giza. Nilidhani ni mchezo. Nilidhani kitu kile kinaniona nikitumaini ndipo kinapoamka. Nikazidi kuogopa, na mimi nikiogopa nasali. Nikaongeza sunna. Nikaongeza za usiku. Nilikuwa nikisujudu muda mrefu, paji la uso mswalani, nikilia na kuomba nisipofuke, na nikiinuka ndipo lile wingu linapozunguka kwa hasira. Ramadhani ilipoingia daktari alinikataza kufunga, nikala nyuma ya pazia kwa aibu, na ili nifidie nikasimama tarawehe nyumbani, rakaa kwa rakaa. Siku zile ndizo nilizoona vibaya kuliko zote.

Nilirudi Kilifi kupimwa. Benchi lilikuwepo, Hawe hakuwepo. Nikauliza, hakuna aliyejua. Daktari akamulika, akauliza kama nafuata masharti. Nikaapa. Akasema basi tungoje tena kidogo, na nikasikia katika sauti yake kwamba Mombasa imeshasogea karibu. Niliporudi kwenye gari nililia mpaka Saida akasimama kando ya barabara.

Jumamosi moja, katikati ya mfungo, Saida alikuja kunishindia. Aliketi nami mkekani, akatoa simu.

"Shangazi, nataka kukuonyesha kitu. Tuliwaonyesha wanafunzi wiki hii. Nimechukua tone la maziwa nikalichanganya na maji, nikalitia chini ya hadubini, hiyo mashine ya kukuza vitu vidogo. Kisha nikapiga picha ya video."

Nikaileta simu karibu na pua, jicho la kushoto. Mwanzo sikuona kitu. Kisha nikaziona. Chembe za mviringo, nyingi, zinatetemeka. Kila moja peke yake, inarukaruka mahali pake, inakwenda kidogo huku, inarudi kidogo kule, haifuati mwenziwe, haipumziki. Nikamrudishia simu.

"Ndizo hizo," nikasema. "Ndizo zilizomo humu. Ziko hai."

"Haziko hai. Ni mafuta ya maziwa."

"Basi nani anazichezesha?"

"Hakuna mtu. Maji yenyewe hayatulii, shangazi. Yana vipande vyake vidogo mno, hata mashine hii haivioni, navyo vinakwenda mbio mchana na usiku vikigongana. Vikikuta kichembe chepesi vinakipiga kikumbo huku na huku. Hakuna nia ndani yake."

"Ukiyaacha maji yakae kimya?"

"Vile vile."

"Mwaka mzima?"

"Hata mwaka mzima."

Sijui kama utanielewa. Yeye alidhani ananipa faraja, na mimi nilihisi ubaridi umenipanda kutoka nyayoni. Adui mwenye nia unaweza kumwomba, unaweza kumsomea. Hiki hakina pa kuombwa. Nikamwambia, "Basi zangu hazitatuama kamwe."

Saida akaniangalia, akaelewa alichokifanya. Akaja karibu.

"Hapana, hapana. Hizi ni ndogo mno, ndiyo maana. Damu yako imeshikana, ina vipande vikubwa, vina uzito. Maji ya mto Sabaki wakati wa mvua, yale mekundu, bibi hakuwa akiyatia mtungini?"

"Akiyatia."

"Na asubuhi?"

"Udongo uko chini, juu maji safi."

"Umeona? Kikubwa hutuama. Chombo kinataka kuachwa tu, kisitikiswe."

"Na nani anakitikisa chombo hiki, Saida? Nimelala nimeketi kama sanamu mwezi mzima."

Adhana ya alasiri ikalia. Nikainuka nikatawadha, nikatandika mswala mbele yake, nikasali. Nilirefusha sijida ya mwisho kama kawaida yangu, maana maneno yake yalikuwa yamenitisha. Nilipotoa salamu ukumbi ulikuwa umezimika, na lile wingu linazunguka, linazunguka.

"Shangazi," Saida akasema taratibu. "Kabla hujasali uliniambia hii birika ina kutu."

"Niliiona."

"Sasa?"

"Sasa siioni."

"Adhuhuri je?"

"Hivyo hivyo. Kila nikisali..."

"Daktari alikwambia usiiname."

"Sikuinama," nikasema. "Nimesujudu."

Hatukucheka. Wewe waweza kucheka, lakini sisi hatukucheka. Kwangu kuinama ni kufagia, ni kuokota, ni kufua. Kusujudu ni kusujudu, hakumo katika orodha ya mambo ambayo daktari anaweza kukuuliza, wala yeye hakujua aniulize. Wifi yangu hakuwa na mkono humo, wala jini, wala mtu. Aliyeutikisa mtungi kila ukitaka kutuama ni mimi, na niliutikisa zaidi kila nilipoogopa zaidi.

Athmani aliporudi kutoka msikitini Saida alimweleza. Akatikisa kichwa. "Mgonjwa husali alivyoweza. Aketi. Asipoweza kuketi alale. Asipoweza kabisa huashiria hata kwa jicho."

"Jicho lenyewe ndilo hilo," nikamwambia.

Alicheka, mara ya kwanza tangu kaskazi, nami nikamsikia alivyokuwa amechoka.

Lakini kiti nilikikataa. Nilimwambia yeye na nikamwambia Saida, nikawaambia sababu siijui. Niliijua. Mama yangu alisali kwenye kiti mwaka aliokufa. Nilikuwa nikimtazama ameketi pale, anainamisha kichwa kidogo tu, mswala mbele yake mtupu, na nilijua kwamba hatashuka tena. Kwangu mtu akishaketi kwenye kile kiti amekwisha kuanza kuondoka. Na kuachishwa kuweka paji langu chini, mahali pekee palipokuwa pakinishika wakati ule, nilihisi kama ninaachwa baharini. Mwishowe niliyasema haya yote kwa sauti, nikilia, na Athmani akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka, akarudi na kiti cha plastiki cha kibarazani, akakipangusa kwa kanzu yake, akakiweka juu ya mswala wangu kikielekea kibla. Akaenda msikitini.

Nikakiketia. Isha ile sikumbuki niliyoyasoma. Nakumbuka mikono yangu juu ya magoti, na sakafu iko mbali. Nilipotoa salamu nikangoja giza. Halikuja.

Rukia hakupenda. Alisema Saida amenifanya mwanafunzi. Lakini aliniona alfajiri nikitoka kwenye sala nikaifuata birika moja kwa moja, nikaishika mpini. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinisogezea kiti, akikiweka kwa kishindo ili nijue bado hajakubali.

Ilichukua mpaka kumi la mwisho la Ramadhani. Nikwambie wewe usiyejua: damu ikishuka chini ya jicho, wewe unaona kinyume, giza linapanda juu na mwanga unafunguka chini. Daktari alinieleza baadaye, mimi nilishtuka tu. Asubuhi moja nilifungua macho nikaona vidole vyangu vya miguu. Vyote, na kucha, na hina ya zamani iliyobaki kwenye ncha. Juu yake, kuanzia magotini, pazia. Nikaketi nikivitazama vidole vyangu kama wageni kutoka mbali, sithubutu kusogeza shingo.

Siku kadhaa nikaishi hivyo, naona dunia kuanzia chini. Niliona miguu ya kuku. Niliona pindo la kanzu ya Athmani na nyufa za chumvi visiginoni mwake, na nikaelewa kwamba alikuwa akichechemea na mimi sikujua.

Na jioni moja, Rukia amekwenda kwake Mambrui, niliona miguu miwili mlangoni. Miembamba, ndara za buluu, kidole gumba cha kushoto kina kovu la jembe. Ikasimama nje ya kizingiti, haikuvuka. Bakuli likateremshwa chini, kawa juu yake. Miguu ikageuka.

"Zuhura," nikasema.

Ikasimama.

"Waniona?" akauliza.

"Nakuona miguu."

"Miguu tu?"

"Kwa sasa. Ingia."

Hakuingia. "Niliambiwa ulimi wangu una miba."

"Ulimi wako hauna kitu. Ingia, nikwambie."

Aliketi karibu na mlango, tayari kuinuka. Nikamweleza kama nilivyoweza, maziwa na hadubini na vitu vinavyopigwa vikumbo pasipo mtu kutaka, na mtungi, na mswala. Kisha akasema, "Kumbe si mimi."

"Si wewe."

"Mwezi mzima, wifi, nimekuwa nasema mashallah hata nikiona mbuzi wa watu. Nilikuwa siwatazami wajukuu zangu usoni." Akaanza kulia, na mimi sikuweza kuuona uso wake, niliona tu machozi yakiangukia ndara za buluu. Nikamsogelea nikaketi naye. Sikuinama kumfuta, maana nilikuwa nimekatazwa, na akaelewa, akajifuta mwenyewe.

Baada ya Idd nilirudi Kilifi. Hawe alikuwepo. Alikuwa amefungwa bandeji jicho moja, ana hasira na kila mtu, akasema wamemtoa nyuki lakini wamemuachia mdudu mmoja wa ulinzi. Nilimkumbatia mbele za watu. Daktari akamulika, akasema, "Sasa naona." Akanipiga leza siku hiyo hiyo. Ni vimulimuli vya kijani vinavyochoma nyuma ya jicho, na mwili wote unataka kukimbia, na kidevu chako kiko juu ya chuma cha mashine, huendi popote. Itakuuma. Shika kitu. Mimi nilishika mkono wa Saida mpaka akaniomba nimwachie. Nilirudi mara mbili nyingine, mvua za masika zikinyesha, na bahari yetu yote imegeuka rangi ya udongo kwa maji ya Sabaki.

Upasuaji haukuhitajika. Hofu haijaondoka. Kila nikifungua macho asubuhi, kabla ya bismillahi, natazama ukuta mweupe kwanza. Imebaki chembe moja kubwa na nyingine ndogo chache, daktari anasema hizo nitazeeka nazo. Hazina nia. Nimejifunza kujiambia hivyo, na siku nyingine nasadiki. Kwenye kiti nilikaa mpaka daktari aliponiruhusu kushuka. Sijida ya kwanza niliyoiweka chini ilikuwa fupi, na niliogopa kuliko siku niliyokalia kiti.

Ile kofia niliitoa kikapuni mvua zilipopungua. Zuhura alikuwepo, anachambua mchicha. Nikatunga uzi. Ukapita kando ya tundu. Nikalowesha ncha kwa ulimi, nikajaribu tena, ukapita tena, na tena, mpaka mkono ukachoka. Zuhura aliacha mchicha akanitazama. Alifungua kinywa, akakifunga.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Lile ulilosema siku ile."

Alitazama sindano, akatazama uzi unaoning'inia nje.

"Wifi," akasema, "macho yako bado makali, mashallah."

Tulijua wote wawili kwamba si kweli. Akaichukua sindano mkononi mwangu, akaisogeza mbali, akaileta karibu, naye pia asione kitu. Ile chembe kubwa ikaelea juu ya uso wake, nikaingoja ipite.